Barakoa ya Khalati Fawziya

Mwalimu Fawziya alifundisha Kiingereza katika shule ya wasichana ya Ibra, huko Oman, miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hapana mwanafunzi aliyepata kumwona akicheka mpaka jino la mwisho. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kujizuia, kama aliyebeba beseni la maji limejaa pomoni na njia ina mawe. Mtaani walimjua kuwa ni mjane aliyetoka Zanzibar, hana mtoto, anakaa kwa dada yake Kaltham na shemeji yake Azzan, katika nyumba iliyopakana na mitende na mfereji wa falaji. Walimhurumia. Na huruma nyingine, wallahi, inachoma kuliko matusi.

Tuliseme mapema lile ambalo mtaa haukuambiwa, maana kumzungusha msomaji ni uchoyo tu. Badriya, yule msichana aliyemwita Kaltham mama na Azzan baba, alikuwa mwana wa Fawziya. Alimzaa yeye, akamnyonyesha yeye, kisha akakubali kuitwa khalati yake, yaani dada wa mama, na kwa miaka kumi na tano hakuteleza hata siku moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamesema wahenga. Lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mzazi anayekula sinia moja na mwanawe, akamsikia anamwita mtu mwingine mama, naye akaendelea kutafuna.

Mambo yalianzia Tanga, ambako Fawziya alihamia kutoka Unguja baada ya mwaka wa sitini na nne pamoja na mume wake wa kwanza, binamu yake. Binamu hakudumu. Alifariki huku Fawziya akiwa mjamzito, na mtoto aliyezaliwa naye hakuifika arubaini. Fawziya akabaki na maziwa yanayomvuja na hapana wa kuyanyonya. Nyumba ya pili yake alikuwako jirani, Thuraya, amejifungua mtoto wa kiume, Zuhair, na homa ya uzazi imemlaza hajitambui. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Fawziya hakungoja kuombwa. Alikwenda, akamchukua, akampa ziwa, na akaendelea kumpa hata mamake alipopona. Mwaka uliofuata Thuraya na mumewe wakahamia Dubai, na wanawake hao wawili wakapotezana.

Baadaye Fawziya aliolewa na Rajabu Mhina, mwalimu wa shule, Mzigua wa Handeni. Baba yake Fawziya alinuna, na akaingia kaburini bado amenuna. Rajabu mwenyewe hakujua kununa. Alikuwa mcheshi, mpenda vitabu vya katuni vya Kiingereza, vile vya zamani vilivyokwisha kusomwa na watu kumi, alivyovinunua kwa Muhindi wa vitabu vikuukuu na kuwafundishia wanafunzi wake. Homa ya matumbo ilimchukua Badriya hajaanza kukaa. Aliacha mjane, mtoto, na sanduku la bati lililojaa vitabu hivyo.

Mwaka wa sabini na tatu njia ya Oman ilikuwa imeshafunguka, na kila mwenye asili ya huko akawa anatafuta barua ya sheikh wa kabila lake. Pasi ilifuata kabila, na kabila lilifuata baba. Fawziya na Kaltham baba yao alikuwa wa Ibra, Azzan vilevile. Badriya baba yake alikuwa Rajabu wa Handeni, na Rajabu, pamoja na wema wake wote, hapana sheikh wa Sharqiyah, jimbo la Ibra, ambaye angemtolea barua.

"Muandikeni wangu," alisema Azzan.

Azzan na Kaltham hawakujaaliwa mtoto. Alisema vile kwa moyo safi, na Fawziya akambusu mkono kwa furaha, maana njia nyingine ilikuwa ni kumwacha mtoto nyuma. Hakufikiri siku ile kuwa karatasi ikishaandikwa, watu nao hawana budi kuifuata.

Walingoja ruhusa Dubai, katika chumba cha kupanga. Humo ndimo Badriya, mtoto wa miaka mitatu, alimofundishwa. Akisema "Mama" huku anamtazama Fawziya, Fawziya anageuza uso, na Kaltham ndiye anayeitika. Siku za mwanzo mtoto alimvuta mkono, akampiga pajani, akamwita kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikia. Fawziya alisikia. Alitazama ukuta machozi yakimshuka na hakuitika. Walipofika Ibra mtoto alikuwa ameshajua la kusema.

Sanduku la bati nalo lilisafiri. Mchana wa joto, watu wamelala, Fawziya alimkalisha Badriya mkekani akamsomea, Kiingereza machoni, Kiswahili mdomoni. Shujaa wao aliitwa Kozi. Jina hilo la ndege mwindaji alilitoa Fawziya, maana la Kiingereza lilikuwa refu na halina ladha. Mchana Kozi alikuwa fundi wa miavuli, mnyonge, mwenye miwani, na Fawziya alimwita Fundi Idi. Pakitokea dhuluma, Fundi Idi alijibanza uchochoroni, akavaa barakoa nyeusi machoni na joho la buluu mgongoni, akaruka juu ya mapaa. Adui yake alikuwa Jabari, baba la watu, anayeinua gari moshi kwa mkono mmoja. Mali hakuitaka, ufalme hakuutaka. Alichokitaka ni kumjua Kozi ni nani, aifuate nyumba yake na wanaompenda.

Na nyumbani kwa Fundi Idi alikuwako mama, kizee mwenye maneno. Kila mji ukisalimika, kizee humwambia mwanawe, "Wenzako wanapigana na wewe umejificha wapi? Nimezaa mwanamke." Fundi Idi huinamisha kichwa akala chakula chake.

Hapo ndipo Badriya alipokosa raha.

"Khalati, kwa nini hamwambii mamake?"

"Akimwambia, Jabari atapata njia ya kumdhuru."

"Lakini mamake anamdharau."

"Bora amdharau naye yu salama."

"Mie ningekuwa mamake ningekasirika," alisema Badriya. "Ningekasirika sana, wallahi."

Fawziya alifunua ukurasa.

Jirani yao Mahfoudha, mwanamke wa papo hapo Ibra aliyevaa barakoa tangu alipoolewa mpaka rangi yake ya nili ikamwingia puani, alikuja siku moja na kahawa, akakichukua kitabu akakitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa Kiarabu chao: huyu bibi mwenye barakoa, mume wake yuko wapi, mbona kamwachia anapanda mapaa ya watu? Alipoelezwa kuwa ni mwanamume, na kwamba amejifunika ili asijulikane, Mahfoudha alicheka mpaka akaishika barakoa yake isimwanguke. Asijulikane kwa kitambaa hicho? Mdomo wazi, kidevu wazi, mwendo ule ule! Yeye watu wanamjua kwa barakoa yake kutoka ng'ambo ya falaji. Aivue ndipo watakapouliza huyu nani. Ama watu wa mji huo ni vipofu, alisema, ama wanajua na wamemsitiri.

Fawziya alimfasiria Badriya, ambaye Kiarabu kilikuwa bado hakijamkaa, maneno hayo yote isipokuwa ya mwisho.

Kilikuwako kitabu kimoja ambacho Badriya alikichukia. Muoka mikate ametuhumiwa wizi, na Kozi anajua kuwa si mwizi, maana saa ile ile alikuwa dukani kwake ananunua mkate, kwa sura ya Fundi Idi. Akienda kushuhudia, ataulizwa alipotelea wapi baada ya kutoka pale, na Kozi alionekana juu ya mnara dakika ile ile, na siri itafichuka. Basi akanyamaza. Mwizi alimkamata baadaye, lakini muoka mikate alikuwa ameshalala jela na mkewe ameshazomewa mtaani. Badriya, wakati huo ana miaka kumi, alikitupa kitabu ukumbini.

"Muoga! Kozi muoga!"

Fawziya alikiokota, akakipangusa, akakirudisha sandukuni.

Basi miaka ikaenda. Lami ikafika, umeme ukafika, Badriya akamaliza sekondari, msichana mrefu mwembamba mwenye kutembea kama aliyebeba kitu kichwani. Kaltham alimlea kwa mapenzi ya kweli, tusimdhulumu. Alimkeshea akiumwa, alimsuka, alimgombeza, alimpikia vipopoo na vitumbua mpaka Ibra nzima ikamjua kwa mapishi hayo.

Mwaka wa themanini na nane, msibani katika mji wa Al Kamil, mwanamke mmoja aliyekaa kwenye busati alimkazia macho Fawziya, kisha akanyanyuka na kumwangukia shingoni. Alikuwa Thuraya. Wametoka Dubai zamani, wamehamia Sur, mume kafariki, Zuhair ni mtu mzima, ana kazi nzuri kwenye mitambo ya simu. Wakalia kwa ajili ya maiti na kwa ajili yao.

Thuraya hakuchelewa kuja Ibra na mwanawe. Zuhair alikuwa amesimuliwa habari za mama yake wa kunyonya tangu utotoni, na alipomwona akainama akambusu mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Fawziya, na mkono ule hakuuachia upesi, kwani neno hilo kwa heshima zake zote alikuwa hajaitwa tangu Dubai.

Badriya ndiye aliyeleta kahawa mpaka mlangoni. Zuhair alitazama chini, kama inavyopasa, lakini si upesi wa kutosha. Badriya naye hakukiangusha kikombe, ila siku mbili baadaye alikuwa akiimba jikoni. Alimpenda. Alikuwa na miaka kumi na minane na alimpenda kwa moyo wake wote, na asiyejua maana ya hayo na apite zake.

Posa ilikuja asubuhi, Fawziya yuko shule. Thuraya alimweleza Kaltham kila kitu kwa uwazi.

"Mimi nataka mwanangu arudi katika nyumba iliyomnyonyesha. Na nimeuliza kwa mashekhe, usije ukaona natia mkono gizani. Mtoto wa dada wa mama wa kunyonya ni halali, hamna neno. Angekuwa mtoto wa Fawziya mwenyewe, hapo ndugu, haramu. Lakini wa kwako ni halali."

Sasa hapa msomaji atasema: Kaltham si anajua? Anajua. Lakini huyu mtu kwa miaka kumi na tano amesema mwanangu, mwanangu, kwa jirani, kwa daktari, kwa mwalimu, kwa Mungu usiku wa sala. Lile walilomfundisha mtoto, alijifundisha mwenyewe pia. Thuraya alipotamka "wa kwako ni halali," Kaltham aliona mwanawe anapata mume mwema, basi. Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Fawziya alirudi adhuhuri na madaftari mkononi, akakuta nyumba inanukia udi, halua imefunuliwa, Badriya kajifungia chumbani kwa haya na furaha. Akaambiwa. Alikaa chini na abaya yake mwilini, kisha akanyanyuka akaenda jikoni, ambako Kaltham alikuwa akikoroga sufuria.

"Kaltham. Badriya ni mtoto wa nani?"

"Wangu," alisema Kaltham, anacheka. Kisha mwiko ukasimama. "Ya Rabbi," akasema. "Ya Rabbi, nimefanya nini mie?"

Wakatazamana. Zuhair na Badriya wamenyonya ziwa moja. Ni ndugu, kama waliotoka tumbo moja, na ndoa yao haramu mpaka siku ya kiama. Wanaojua ni watu watatu, na wote watatu wamo katika nyumba hii.

Kaltham alipata pumzi akaanza kutafuta mlango wa nyuma. "Tutasema tumesikia habari mbaya. Tutasema kijana anakunywa."

"Nimemnyonyesha mie yule. Nimuharibie jina?"

"Basi tuseme nini? Tukisema kweli, pasi yake itakuwaje? Azzan atakwenda kusimama wapi na maneno aliyoyaandika? Na mtoto mwenyewe, Fawziya! Atatutazama vipi?"

Fawziya alikuwa ameegemea ukuta. "Nitasema nimemnyonyesha Badriya," alisema pole pole. "Si uongo. Nitasema nimewanyonyesha wote wawili. Inatosha kuivunja, na hapana aibu kwa mtu yeyote."

Kaltham alimkumbatia. Ilikuwa hila nzuri, lazima tukubali: kweli tupu, imevaa barakoa. Wanawake wa kwao walinyonyeshana watoto siku zote, mmoja akiumwa mwenzake anashika. Nani angeuliza?

Azzan alimwita mzee mmoja wa ukoo, sheikh aliyepata kuwa kadhi, akaja baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume walikaa barazani: sheikh, Azzan na Zuhair. Wanawake walikaa chumba cha ndani, pazia limeshuka mlangoni: Kaltham, Thuraya, Fawziya na Badriya, ambaye alikuwa hajaambiwa kitu ila kwamba pana jambo la kuulizwa.

"Sema, bibi," alisema sheikh.

"Nashuhudia mbele ya Mungu," alisema Fawziya, "kwamba nimemnyonyesha Zuhair, na nimemnyonyesha Badriya."

"Kwa uchache au kwa wingi?"

"Kwa wingi."

Sheikh alihukumu papo hapo: "Basi ni ndugu. Hapana ndoa hapa. Mungu atawapa heri nyingine."

Upande wa pili wa pazia Zuhair alisikika akikiweka kikombe chini. Badriya alimgeukia khalati yake, uso umemwiva kama aliyepigwa kofi. Kaltham alishusha pumzi. Lingemalizika hapo. Na Fawziya, pamoja na huzuni ya kumvunja mwanawe moyo, alihisi beseni lake limevuka salama kwa mara nyingine.

Lakini Thuraya alikuwa amemshika mkono. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mwanamke aliyezaa na kunyonyesha, na hesabu haikumwingia.

"Fawziya, dada yangu. Maziwa yalitoka wapi?"

"Vipi?"

"Mwanao wa marehemu binamu alikufa sitini na tano, nilikuwapo, nimemlilia. Badriya ni wa sabini. Na hujapata kuniambia kuwa uliolewa tena. Maziwa yalitoka wapi?"

Badriya akasimama. "Hayakutoka popote!" Sauti ilisikika mpaka barazani. "Anazua! Khalati, kama hutaki niolewe, si useme? Kwa sababu wewe hukujaaliwa mtoto, ndo na mie usinione na wangu?"

"Badriya!" alisema Kaltham.

"Muache aseme," alisema Fawziya.

Sheikh alikohoa nje ya pazia. "Suali ni la haki. Bibi Fawziya, ushahidi wako unahitaji jibu."

Jibu alikuwa nalo, tena si moja. Wako mabibi waliopata maziwa kwa huruma tu, kwa kumweka mjukuu kifuani. Kila kizee ana kisa cha namna hiyo, na sheikh angekikubali. Neno lilikuwa ulimini. Lakini alikuwa ametamka jina la Mungu, na mpaka siku ile alikuwa amenyamaza tu, hajapata kusema uongo. Na akimtazama Badriya alimwona anamtazama kwa chuki, mtoto aliyempiga pajani zamani akimwita, akidhani hakusikia.

"Yalikuja naye," alisema Fawziya. "Yalikuja na Badriya mwenyewe. Nilimzaa mie, Tanga. Maziwa yalikuja naye."

Thuraya aliuziba mdomo wake kwa upande wa leso. Kaltham alianza kulia kwa kwikwi, analia kama mfiwa, na kweli alikuwa mfiwa.

"Babake nani?" aliuliza sheikh, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kabla Fawziya hajajibu, Azzan alisema, "Sheikh, mimi niliandika..."

"Najua nani aliandika. Namuuliza mama wa mtoto."

"Rajabu Mhina," alisema Fawziya. "Mwalimu wa shule, mtu wa Handeni. Tulioana kwa mashahidi wawili, na sheikh wa Tanga, na mahari yangu nilipewa mkononi." Alilisema jina kwa sauti kamili, kama anayeita mahudhurio darasani. Miaka kumi na tano alikuwa hajalitamka mbele ya watu.

Kisha sheikh, ambaye wengi walimwogopa kwa ukali wake wa sheria, alisema: "Mimi nimeitwa kwa habari ya ndoa, sikuitwa kwa habari ya pasi. Hayo ni baina ya Azzan na serikali na Mola wake. Lakini ndani ya nyumba mwiteni kwa babake, ndiyo amri. Na wewe Azzan, huyu si binti yako wala mkeo hakumnyonyesha. Utapiga hodi kabla ya kuingia, ajifunike."

Azzan alilia. Mtu mzima yule, aliyekuwa akiingia kwake akipiga kelele "Badriya, maji!" tangu mtoto hajaota meno ya pili, alijifunika uso kwa kilemba mbele ya kijana mgeni.

Badriya alikuwa ameshaondoka. Fawziya alimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, macho makavu.

"Nilikuwa nakuuliza mie," alisema Badriya, hamtazami. "Kila mara nilikuuliza kwa nini hamwambii mamake. Kumbe asiyeambiwa ndo mie."

"Niliogopa wasije wakakuondoa kwangu."

"Umeniondoa mwenyewe."

Fawziya hakujitetea. Alikaa sakafuni karibu na mlango mpaka ilipoadhiniwa Alasiri, na Badriya hakumfukuza.

Maneno ya watu hayakukosekana. Ibra si mji wa mabubu. Wako waliosema Fawziya kaidanganya serikali, wako waliosema Azzan kaliuza kabila, na nyumba mbili zilizokuwa zikimtupia jicho Badriya ziligeuza jicho. Nani kapeleka habari, haikujulikana, ila siku chache baadaye Azzan aliitwa ofisini, akaulizwa, akarudi, akaitwa tena. Pasi ilibaki kama ilivyo, jambo likining'inia juu ya vichwa vyao, na Azzan alizeeka mwaka ule. Mahfoudha alikuja na tende na kahawa, akakaa na Fawziya bila ya kuuliza lolote, na alipoaga alisema tu kwamba mwendo wa msichana yule alikuwa ameutambua tangu alipoanza kwenda peke yake falajini.

Kilichomuumiza Badriya zaidi ni hodi. Kila jioni Azzan alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, akakohoa, akasema "Hodi," na akangoja mpaka Badriya ajitande mtandio. Alikuwa akisema kwa upole, na hakusahau hata mara moja. Badriya aliitika "Karibu," na baada ya hapo hawakujua la kuongeza. Fawziya naye hakuwa na jina tena. Khalati haikuwezekana, na mama haikutoka. Badriya alikuwa akianza maneno katikati: "Chumvi iko wapi," "Kuna mgeni," hana wa kumwita. Fawziya aliitika kila neno, kubwa na dogo, hata lile ambalo halikuwa lake.

Baada ya Idi, Thuraya alikuja kutoka Sur na Zuhair. Alisema kijana mwenyewe ndiye aliyetaka. Kwamba amekaa, amefikiri, na hataki kupoteza watu wote kwa pamoja. Fawziya aliingia chumbani kwa Badriya.

"Yuko nje. Kama hutaki kutoka, si lazima."

Badriya alinyanyuka, akauchukua mtandio wake na kujifunika mpaka chini ya macho, kama alivyofanya alipoleta kahawa. Alifika mlangoni akasimama.

"Huna haja ya kujifunika," alisema Fawziya taratibu. "Ni kaka yako."

Badriya alibaki ameushika upande wa mtandio. Kisha akauachia ukamwangukia mabegani, uso wazi na nywele wazi, akatoka ukumbini. Zuhair alisimama. Alipokuwa mchumba wake hakuwahi kumwona hivi wala kumgusa hata kidole, na sasa hapana la kumzuia. Alinyoosha mkono, na Badriya akaupokea.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," alijibu Zuhair, na wakabaki hivyo wameshikana, hapana aliyejua nani anapaswa kuachia mwanzo.